Orodha za Programu za Kuweka kwenye Seva Yako

Orodha hizi za mtandaoni humwonyesha mtu programu anazoweza kuziendesha kwenye seva yake badala ya kukodi huduma ya kampuni. Awesome-Selfhosted, iliyo maarufu, huzipanga kwa kazi zake na kutaja leseni ya kila moja. Hapo kwenye leseni ndipo penye mtego: programu ya hifadhidata ya MongoDB ilibadilisha yake mwaka 2018, na orodha isiyosasishwa hupotosha. Programu ya rekodi za wagonjwa ya OpenMRS, msingi wa mfumo wa KenyaEMR unaotumika katika kliniki za Kenya, hutolewa kwa leseni ya Mozilla. Lakini leseni haimwondolei mtumiaji wajibu: duka la dawa mjini Molo likiweka majina ya wagonjwa kwenye kompyuta iliyo chini ya kaunta, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 hulibana lenyewe, si mwandishi wa programu.