Mtoto Apangiwe Kiti Kwanza: Nafasi za Kukaa Katika Gari la Familia Lenye Safu Tatu

Magari ya familia yenye safu tatu za viti, kama vile Toyota Noah, Voxy, Alphard, Ipsum, Wish na Sienta, ni ya kawaida katika mitaa ya Mwanza kuanzia Buhongwa hadi Pasiansi, na mengi yake hufika nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, nchi ambayo, kama Tanzania, magari yake hupita upande wa kushoto wa barabara. Gari la aina hiyo huchukua watu saba au wanane, nalo hununuliwa hasa kwa sababu familia ya Kanda ya Ziwa haiishii kwa baba, mama na watoto: humo huingia bibi anayepelekwa kliniki Bugando, shangazi aliyekuja harusini kutoka Magu, na binamu wanaorudi shuleni. Kwa desturi nafasi hugawiwa kwa kufuata heshima, mkubwa akikaa mbele, watu wazima wengine wakijaza safu ya kati, na watoto wakisukumwa nyuma kabisa au wakipakatwa. Heshima hiyo ni jambo jema mahali pengi, lakini ndani ya gari linalotembea huwapa viti bora wale ambao miili yao inastahimili zaidi, na kuwaachia watoto mabaki. Mpangilio unaofaa huanzia upande wa pili: mtoto mdogo kuliko wote ndiye apangiwe kiti kwanza, kisha viti vingine vikunjwe, visogezwe au vijazwe kwa kumfuata yeye.

Sababu ya kuanza na mdogo imo katika umbile lake. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake wote, ilhali shingo inayokibeba bado ina mifupa laini na misuli dhaifu, hivyo gari likisimama ghafla kichwa huvutwa mbele kwa nguvu ambayo shingo haiwezi kuizuia. Nyonga zake nazo hazijakomaa kiasi cha kuushikilia mkanda wa mtu mzima, ambao hupanda kutoka mapajani hadi tumboni na kubana utumbo, ini na wengu badala ya kubana mfupa. Ndiyo maana mtoto si mtu mzima mfupi ambaye hufaa kufungwa mkanda uleule kwa kuukaza zaidi, bali anahitaji kifaa chake, ambacho wataalamu wa usalama barabarani hukiita kizuizi cha mtoto na wauzaji hukiita kiti cha mtoto cha gari.

Kumpakata hakuwezi kuwa badala ya kifaa hicho, hata mikono ya mama iwe na nguvu kiasi gani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, yaani mwendo ulioandikwa kwenye vibao vya barabara zinazopita katika makazi, likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huwa kama mzigo wa kilo 140 hivi unaochomoka mikononi kuelekea mbele. Hakuna mzazi awezaye kuudaka mzigo huo, na kama mzazi mwenyewe hakufunga mkanda, uzito wa mwili wake humkandamiza mtoto kwenye dashibodi au kwenye kiti cha mbele. Mama anayemfunga mtoto mgongoni kwa kitenge na kuegemea kiti humweka katika hatari iyo hiyo ya kukandamizwa, ingawa mtoto mwenyewe amelala kwa utulivu na kila mtu garini anaona yuko salama.

Kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma kilibuniwa Sweden, ambako Bertil Aldman, aliyekuwa daktari na mtafiti wa usalama wa magari, alitengeneza kielelezo cha kwanza mwaka 1964 baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali wakati wa kurushwa, ili nguvu ienee mgongoni kote badala ya kuvuta sehemu moja ya mwili. Kanuni hiyo haijabadilika. Mtoto anayeangalia nyuma husukumwa ndani ya kiti chake gari linapogonga mbele, na mgongo, shingo na kichwa hupokea pigo kwa pamoja. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inataka mtoto aangalie nyuma mpaka apite umri wa miezi 15, na Waswidi wengi huwaacha watoto katika mkao huo hadi karibu miaka minne. Baadaye hufuata kiti kinachoangalia mbele chenye mikanda yake ya mabegani na ya katikati ya miguu, kisha kiti cha kumwinua mtoto, ambacho hakina mkanda wake bali humpandisha ili mkanda wa gari upite juu ya mapaja na katikati ya bega, bila kugusa tumbo wala shingo. Mtoto huacha kukitumia anapofikia urefu wa sentimita 135 hadi 150, si anapotimiza umri fulani, na wazazi wengi wangeshangaa kugundua kwamba mwanafunzi wa darasa la nne bado anakihitaji.

Nchini Japani sheria imewataka madereva tangu Aprili 2000 wawaweke watoto wenye umri chini ya miaka sita katika vifaa hivyo, kwa hiyo Noah inayoshushwa bandarini Dar es Salaam ilitengenezwa na watu waliojua kwamba itafungwa kiti cha mtoto. Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iliyotungwa wakati ambapo jambo hili halikuwa likifikiriwa, na kwa miaka mingi wanaharakati, wakiwamo wanasheria wanawake wa TAWLA, wamedai irekebishwe ili mikanda ya nyuma na vizuizi vya watoto vitajwe waziwazi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba vizuizi vya watoto hupunguza vifo vya watoto wachanga ajalini kwa takriban asilimia 70. Mzazi mwenye takwimu kama hiyo mkononi hana haja ya kusubiri askari wa barabarani amsimamishe.

Ndani ya gari lenyewe, mahali pa kuanzia ni safu ya pili. Iko mbali na kioo cha mbele na mbali na mlango wa buti, mzazi aliyeketi jirani anaweza kumfikia mtoto, na viti vyake vya pembeni kwa kawaida vina mkanda wa pointi tatu, yaani ule unaoshika kiuno pande zote mbili na kupita begani. Nafasi ya katikati, ambayo watu wengi hudhani ndiyo salama kuliko zote, katika magari mengi ya zamani ina mkanda wa kiunoni peke yake, na mkanda huo haufai hata kidogo kwa kiti cha kumwinua mtoto. Kati ya pembeni mbili, upande wa kushoto una faida katika nchi inayopita kushoto, kwa kuwa mzazi humpandisha na kumshusha mtoto akiwa amesimama kando ya barabara, na si upande ambako bodaboda na daladala zinapita. Katika barabara nyembamba za Kirumba na Igoma faida hiyo si ndogo.

Hata hivyo upande huohuo wa kushoto ndio njia ya kuingilia safu ya tatu, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Kiti cha mtoto kikishafungwa, kiti cha gari kilichokibeba hakiwezi tena kukunjwa ili watu wapite. Noah ya watu saba huondoa tatizo hilo kwa sababu viti vyake viwili vya kati vimeachana na kuacha ujia wa kupitia, lakini katika ile ya watu wanane lazima kichaguliwe kimoja: kiti cha mtoto kifungwe kushoto na wanaokaa nyuma waingie kupitia mlango wa kulia gari likiwa limeegeshwa mahali pasipo na magari yanayopita, au kihamishiwe kulia na njia ya kushoto ibaki wazi. Familia inayotumia safu ya tatu mara chache tu itapata nafuu zaidi kwa njia ya kwanza. Lisilofaa ni kukilegeza kiti cha mtoto kila mara bibi anapotaka kupita, kisha kukirudisha kwa haraka bila kukikaza.

Kukaza kwenyewe kuna vipimo vinavyojulikana. Kiti cha mtoto kikishikwa mahali mkanda unapopita na kutikiswa kwa nguvu, kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu, na mkanda wa mtoto begani uwe umebana kiasi kwamba vidole viwili haviwezi kuukunja ukafanya pindo. Kwa mtoto anayeangalia nyuma mkanda hutokea usawa wa mabega au chini yake kidogo, na kwa anayeangalia mbele hutokea usawa wa mabega au juu yake. Asubuhi yenye baridi ya mvua ziwani, blanketi au kitenge kifunikwe juu ya mikanda iliyokwisha kufungwa, kwani nguo nene iliyo chini yake huacha nafasi ambayo haionekani mpaka siku ya ajali. Magari mengi ya Kijapani yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 2000 yana pia pete mbili za chuma zilizofichwa pale egemeo linapokutana na kalio la kiti, ambazo kiti cha mtoto cha mfumo wa ISOFIX hujishikiza bila kutegemea mkanda. Inafaa kuzipapasa kwa vidole kabla ya kununua kiti. Kiti cha mtumba kikaguliwe lebo yenye herufi E ndani ya duara, mipasuko ya plastiki na tarehe ya kutengenezwa, na kisinunuliwe kama hakuna anayejua iwapo kimewahi kupata ajali.

Safu ya tatu iachiwe wakubwa wanaoweza kukaa wenyewe na kufunga mkanda wa pointi tatu. Katika Wish na Sienta viti vya safu hiyo ni vyembamba na viko karibu sana na mlango wa buti, hivyo gari likigongwa kwa nyuma hakuna nafasi kubwa ya bodi kubonyea kabla ya kumfikia aliyeketi. Katika Noah viti hivyo huinuliwa na kufungwa ubavuni kushoto na kulia ili kupata nafasi ya mizigo, na kila vinaposhushwa ni lazima loki zake zilie na kushika, kisha egemeo livutwe kwa mkono kuhakikisha halirudi. Upande mmoja ukikunjwa kwa ajili ya gunia la mchele wa Magugu au ndoo za dagaa, mzigo ufungwe kwa kamba, kwa sababu ndoo ya kilo 20 iliyoachwa huru hufuata kanuni ileile inayomchomoa mtoto mikononi. Baadhi ya Noah zina viti vya kati vinavyogeuka kutazama nyuma au mlangoni, ambavyo watoto huvipenda mno. Vitumike gari limesimama, na safari inapoanza virudishwe kutazama mbele isipokuwa kama kitabu cha gari kinaruhusu vinginevyo.

Kiti cha mbele kina hatari yake ya pekee, nayo ni eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofumuka ghafla kutoka kwenye dashibodi. Kiti kinachoangalia nyuma kikiwekwa hapo, mfuko huo hupiga mgongo wa kiti pale pale kilipo kichwa cha mtoto, na onyo lililobandikwa kwenye kikinga jua mara nyingi limeandikwa kwa Kijapani. Katika Hiace zilizoagizwa kama magari ya mizigo na baadaye kuchomelewa mabenchi na mafundi, tatizo ni la mwanzo kabisa: mara nyingi hakuna mahali imara pa kushikia mkanda, na benchi lililotazama ubavuni haliwezi kuwa kiti cha mtoto kwa ufundi wowote. Mzazi anayekodi gari la kumpeleka mwanawe shule ana haki ya kufungua mlango na kuangalia kabla ya kulipa.

Ziwa nalo lina utaratibu wake. Garini mtoto hulindwa kwa kufungwa, lakini kwenye kivuko, iwe Kamanga au Rugezi kuelekea Ukerewe, hulindwa kwa kufunguliwa, kwani gari lililozungukwa na magari mengine juu ya maji si mahali pa kumwacha mtu aliyefungwa mkanda, na ajali ya MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, iliyoua watu zaidi ya 220, ilionyesha jinsi muda wa kujiokoa unavyokuwa mfupi. Kwa miaka mingi kivuko cha Kigongo na Busisi kiliwashusha wasafiri wa Sengerema na Geita, watoto wakinyoosha miguu huku wakisubiri zamu. Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, kituo hicho cha lazima kilitoweka, na safari ambayo zamani ilikatika katikati sasa huenda moja kwa moja. Mtoto mchanga hapaswi kukaa mkao mmoja kwenye kiti chake kwa zaidi ya saa mbili hivi, kwa hiyo familia inayotoka Mwanza kwenda Chato ina wajibu wa kuchagua yenyewe mahali pa kusimama, kumtoa mtoto, kumnyoosha, na kabla ya kuondoka kuikaza mikanda yake upya.