Marekani: Wawindaji wajizoeza kwa bunduki ndogo wakingojea msimu wa kuwinda

Katika majimbo mengi ya Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa mwezi wa kumi ao wa kumi na moja. Ukifungwa, wawindaji wengi wanarudisha bunduki zao kubwa kwenye kabati, na miezi inapita bila hata risasi moja. Mkono unasahau, jicho nalo linapoteza mazoea. Ndiyo maana wengine wanatumia miezi hiyo kulenga shabaha kwa bunduki ndogo ya kalibre 22.

Sababu ya kwanza ni feza. Paketi ya risasi 50 za kalibre 22 inapatikana kwa dola 5 hivi. Paketi ya risasi 20 tu za bunduki ya kulungu, kama zile za .30-06 zilizoanzia katika jeshi la Marekani mwaka wa 1906, inaweza kupita dola 30. Kwa hiyo, mtu akifyatua risasi 100 siku ya posho, bunduki ndogo inamgharimu karibu dola 10, lakini ile kubwa inaweza kumla dola 150.

Sababu ya pili ni bega. Risasi ya kalibre 22 ina uzito wa gramu 2,6 hivi, na bunduki yake haipigi bega. Bunduki kubwa inarusha risasi ya gramu 10 ao zaidi, kwa kishindo na mlio mkali. Asiyeizoea anafumba macho na kuvuta kifyatulio kwa nguvu mbele ya wakati, na mtutu unahama. Kwenye karatasi, kosa hilo ni tundu lililo pembeni. Porini, ni kulungu aliyepigwa tumbo ao mguu, anayekimbia na kwenda kufa polepole mahali ambapo mwindaji hatamfikia. Nyama inapotea, mnyama anateseka bure.

Kwa bunduki ndogo, mwindaji anajifunza upya mambo ya msingi: kupumua, kutulia, kuvuta kifyatulio taratibu. Wengi wanachagua bunduki yenye umbo na darubini vinavyofanana na vya ile kubwa. Wanaanza kwa metre 50, kisha 100, ambapo upepo unaanza kuisukuma risasi hiyo nyepesi. Hawabakii kwenye meza tu. Wanapiga magoti, wanasimama, wanaegemea mti, kwa sababu porini hakuna meza.

Lakini mazoezi hayo yana mipaka. Majimbo mengi yanakataza kuua kulungu kwa kalibre 22, kwani nguvu yake ni ndogo kwa mnyama wa ukubwa huo. Tena, bunduki isiyopiga bega haiwezi kumfundisha mtu kuvumilia kishindo. Kwa hiyo, majuma machache mbele ya msimu, ni lazima kurudia ile kubwa, kuhakikisha darubini yake haijahama, na kufyatua risasi za aina ileile zitakazotumiwa porini.

Bunduki ndogo si mchezo wa watoto pia. Risasi yake inaweza kuruka zaidi ya kilometre moja na nusu, na inaua mtu. Nyuma ya shabaha lazima kuwe na kilima ao rundo kubwa la udongo. Na kwa kuwa risasi nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, mtu ananawa mikono mbele ya kula.

Feza za mazoezi hayo hazibaki zote kwa wafanyabiashara. Tangu sheria ya mwaka wa 1937 inayoitwa Pittman-Robertson, kodi ya asilimia 11 inayotozwa watengenezaji wa bunduki ndefu na risasi inasaidia majimbo kutunza wanyama wa porini na makao yao. Hivyo, hata risasi inayotoboa karatasi ina sehemu yake katika kuwalinda kulungu.