Je, Shimo la Mgodi Laweza Kuwa Msitu Tena?

Mtu apitaye Rwamgasa, mkoani Geita, huona maduara ya wachimbaji wadogo na vilima vya marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu. Je, ardhi iliyochimbuliwa hivyo yaweza kuwa tena makao ya miti na wanyama?

Mfano mmoja watoka Bamburi, karibu na Mombasa. Huko kiwanda cha saruji, kilichoanza kazi katika miaka ya 1950, kilichimba mawe ya matumbawe na kuacha uwanda wa mawe matupu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kujaribu humo aina 26 za miti; tatu tu ndizo zilizostahimili. Mmojawapo ni mvinje. Mizizi yake hufuga viumbe vidogo vinasavyo naitrojeni ya hewani, hivyo mti huo humea hata pasipo na rutuba. Lakini majani yake yaliyopukutika yalirundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo wa miguu myekundu. Jongoo waliyatafuna, bakteria wakaimaliza kazi, na mboji ikapatikana. Ndipo miti mingine, ndege na wanyama wakapata makao. Udongo ulitangulia, wanyama wakafuata.

Rwamgasa ina kikwazo cha zaidi. Wachimbaji hunasa dhahabu kwa zebaki, na sehemu yake hubaki katika marudio. Zebaki ni elementi: haiozi, na ichomwapo hugeuka mvuke tu. Ifikapo katika tope la bwawa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, sumu ijikusanyayo mwilini mwa samaki na kuzidi kila samaki mkubwa amlapo mdogo. Kwa hiyo shimo lililojaa maji, samaki na ndege laweza kuonekana limepona, kumbe ni mtego. Hapo kazi ya kwanza ni kupima na kuyatenga marudio yenye sumu. Kisha udongo urudishwe. Miti ije baadaye. Na penye visiki vilivyo hai, huenda kupanda kusihitajike: mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulionyesha kwamba ardhi ikifungiwa mifugo, kwa desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, miti huchipua yenyewe.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili kwa makopo mawili ya mahindi: moja lenye udongo uliochimbwa kina cha mita moja, la pili lenye udongo huo huo uliochanganywa na mboji. Wanafunzi wapime urefu wa miche kila juma. Marudio yasitumiwe kamwe.