Dema na Tafi Mdogo

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Leo nina hadithi.

Mnamjua dema? Ni ule mtego wa samaki uliosukwa kwa fito. Mdomo wake ni mpana kwa nje, mwembamba kwa ndani. Kuingia rahisi, kutoka kazi.

Siku moja akapita tafi mdogo, peke yake, mnyonge. Dema akamwita:

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Lo, mapezi mazuri hayo! Sijaona tafi mwerevu kama wewe. Humu chakula tele, na sote ni ndugu."

Tafi akasogea. Nani asiyependa kusifiwa?

"Nimwambie mama kwanza?"

"Usimwambie. Hataelewa. Karibu, mwanangu, karibu ndani."

"Na nikitaka kutoka, nitapita wapi?"

Dema akafoka: "Tafi mwema haulizi! Nje kuna papa. Ukitoka utaliwa!"

Tafi akawaza: huyu aliyekuwa akinisifu, mbona sasa ananitisha? Akageuza mkia, huyoo, mbio kwa mama yake.

"Mjomba, kwani wapo watu kama dema?"

Swali zuri hilo! Wapo. Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi moja la dini waliwaambia wafuasi kwamba mwaka 1999 ukiisha, dunia nayo itaisha. Watu wakauza mali zao, fedha wakawapa viongozi. Wakakatazwa hata kuzungumza, wakawa wanaelezana kwa ishara za mikono. Hebu fikirini: asiyeruhusiwa kusema atauliza vipi?

Siku ikafika, ikapita. Jua likachomoza vilevile. Viongozi wakataja tarehe nyingine. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu, watoto wakiwemo, wakafa kwa moto ndani ya jengo lao la ibada.

"Mjomba, walikuwa wajinga?"

Hata kidogo, mwanangu. Walikuwa wakimtafuta Mungu. Wengi walikuwa na majonzi, maana miaka hiyo ukimwi ulikuwa umeua watu wengi. Mwenye huzuni akiambiwa "karibu", huitika.

"Basi nitamtambuaje dema?"

Umeuliza vyema! Muulize maswali matatu. Naweza kuuliza lolote? Naweza kuwaambia nyumbani? Naweza kuondoka nikitaka? Mtu mwema atakujibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akikasirika, akikutisha, au akisema "hii iwe siri yetu", ondoka. Usione haya. Ondoka, ukamwambie mkubwa unayemwamini.

"Na rafiki yangu akiwa ameshaingia?"

Ewe mtoto mwenye huruma! Usimcheke, wala usigombane naye. Ukimcheka, atasadiki kwamba nje hana ndugu. Msalimie kila umwonapo. Mwambie unamkumbuka kwenye mchezo. Kisha waambie wakubwa, wamfuate. Anayejua kwamba nyumbani bado anapendwa, hupata nguvu ya kurudi.