Una SS na umeambiwa upasuliwe? Soma kwanza kabla ya kukimbia

Kuna habari mbili ambazo zikija karibu karibu humchosha mzazi kabisa. Ya kwanza ni kwamba mtoto ana ugonjwa wa damu aliozaliwa nao. Ya pili ni kwamba anahitaji operesheni. Ya kwanza huleta machozi. Ya pili ndiyo humfanya mtu afunge vitu vyake na kuondoka hospitali kabla ya asubuhi. Kama wewe ni mzazi wa namna hiyo, hapa Bwera, Kasese mjini au kambini, au wewe mwenyewe ni mtu mzima mwenye ugonjwa huu, haya ni kwa ajili yako.

Tunazungumzia ugonjwa ambao Watanzania huuita selimundu, Waganda wengi huuita siko seli, na ndugu zetu wa Kongo husema SS tu. Ni ugonjwa mmoja. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni laini na za mviringo. Za mtu mwenye SS zikikosa oksijeni hujikunja kama mundu, zinakuwa ngumu na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu ya mifupa yanapotoka, na macho ya njano, na damu kupungua.

Eneo letu linaujua ugonjwa huu kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walipima watu Uganda na kukuta kwamba kwa Baamba wa Bundibugyo, majirani zetu upande wa pili wa Rwenzori, karibu watu 45 kati ya 100 walikuwa wamebeba mbegu ya ugonjwa huu. Utafiti wa watoto wachanga wa nchi nzima, uliotolewa mwaka 2016, ulikuta wabebaji 13 kati ya 100. Aliyebeba mbegu moja, yaani AS, haugui. Lakini baba akiwa AS na mama akiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa SS. Mbegu inatoka kwa wote wawili. Mume anayemfukuza mke kwa sababu "ameleta ugonjwa" anajifukuza na yeye mwenyewe.

Nasema hili kabla ya kufika kwenye kisu kwa sababu aibu ndiyo humfanya mtu afiche. Na kumficha daktari wa upasuaji kwamba una SS ni jambo la hatari kuliko operesheni yenyewe.

Kwa nini wanataka kupasua?

Sababu si nyingi. Chembe za SS hufa haraka, na uchafu wake hutengeneza mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mawe hayo yakianza kuuma sana au kuziba njia, mfuko hutolewa. Bandama inaweza kuvimba ghafla na kumeza damu ya mtoto, na ikirudia hali hiyo daktari anaweza kushauri itolewe. Mfupa wa nyonga unaweza kufa kidogo kidogo mpaka mtu achechemee. Mfupa mwingine unaweza kuwa na usaha ndani. Halafu kuna mama mwenye SS ambaye uchungu umekwama na anahitaji kuzaa kwa upasuaji, kama mama mwingine yeyote.

Si kila moja ya hizi ni ya leo leo. Mawe yasiyouma mara nyingi yanaweza kusubiri, na nyonga inaweza kwanza kujaribiwa kwa dawa za maumivu na mazoezi. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: "Daktari, hii ni ya leo, au tunaweza kupanga tarehe?" Operesheni iliyopangwa ni salama zaidi kuliko ile ya usiku baada ya mgonjwa kuzidiwa. Anayekimbia operesheni ya kupangwa mara nyingi hurudi kwa ile ya dharura.

Hatari iko wapi hasa

Sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Mtu wa SS hupata matatizo ya upasuaji zaidi ya wengine. Lakini hatari kubwa haiko kwenye kisu. Iko kwenye mambo manne: baridi, kiu, oksijeni kidogo, na maambukizi. Haya ndiyo yanayokunja chembe za damu. Tatizo linaloogopwa zaidi baada ya operesheni liko kifuani: mapafu yanaziba, mgonjwa anapata homa, kifua kinauma, pumzi inakuwa fupi. Ukijua hivyo, hofu yako inapata kazi ya kufanya.

Kuna pia suala la damu. Mwaka 2013 madaktari wa Uingereza na nchi nyingine walichapisha jaribio walilowagawa wagonjwa wa SS makundi mawili kabla ya operesheni. Kati ya 33 ambao hawakuongezewa damu kwanza, 13 walipata matatizo. Kati ya 34 walioongezewa, waliopata ni 5. Tofauti ilikuwa kubwa hadi jaribio likasimamishwa mapema. Ndiyo maana daktari akisema "tumwongezee damu kwanza", hakuambii kwamba mtoto anakufa. Anamwandaa. Si kila mgonjwa wala kila operesheni inahitaji damu, lakini ni haki yako kuuliza kama wamelifikiria.

Najua maneno yanayozunguka kuhusu damu, kwamba inauzwa, kwamba inaleta virusi. Damu ya huku kwetu inatoka kwenye benki ya damu ya serikali iliyoko Fort Portal, na hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende kabla ya kutumwa hospitali. Hairuhusiwi kuuzwa. Inayokosekana mara nyingi ni damu yenyewe, basi ndugu wenye afya wakijitolea siku za kuchangia, wanasaidia watu wengi.

Hofu nyingine ya Bwera ina historia yake. Mwezi Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo, wagonjwa wa kwanza Uganda walitibiwa hapa hapa Bwera, na wahudumu walivaa nguo zilizowafunika mwili mzima. Mtu aliyeona hayo akiwa mtoto hawezi kulaumiwa akiogopa lango la hospitali. Ila chumba cha upasuaji si kituo cha Ebola.

Kabla hujatia sahihi

Karatasi ya kukubali operesheni mara nyingi imeandikwa Kiingereza. Usitie sahihi wala dole gumba kwa sababu tu nesi ana haraka. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa Uganda, wa mwaka 2009, unasema mgonjwa aelezwe kabla ya kukubali. Kama daktari anaongea Kiingereza na Lukonzo na wewe una Kiswahili au Kinyabwisha, omba mkalimani. Usimtumie mtoto wako wa miaka 10 kutafsiri habari za mwili wa mama yake. Tafuta mtu mzima, hata VHT wa kijiji chako.

Kisha sema mwenyewe, bila kungoja kuulizwa: "Musawo, mtoto huyu ana SS. Ameongezewa damu mara mbili, ya mwisho mwezi wa tatu. Mwaka jana alilazwa kwa kifua." Taja dawa anazotumia na ile iliyowahi kumdhuru. Beba kijitabu chake cha kliniki, na kama ulipimwa Kongo, beba na karatasi ya huko hata kama ni ya Kifaransa. Mtafute pia daktari wa usingizi, maana huyo ndiye anayelinda pumzi wakati mwingine anapasua. Muulize mgonjwa aache kula na kunywa saa ngapi, na dripu itaanza lini, kwa sababu mtu wa SS hatakiwi kukaa na kiu usiku kucha. Na kama hospitali haina damu au daktari wa usingizi, kuomba rufaa kwenda Fort Portal si dharau.

Mtoto naye aambiwe ukweli kwa maneno yake: utalala, hutasikia kisu, ukiamka patauma, nami nitakuwa nje ya mlango. Ukimwambia "tunaenda kununua soda" hatakuamini tena, na kliniki ya SS ni ya maisha yote.

Siku ile, mpelekee blanketi na soksi. Akiamka, mpatie maji mara tu atakaporuhusiwa, mkalishe, mwambie avute pumzi ndefu mara nyingi kila saa, na atembee mapema hata hatua chache. Akisema anaumwa, muite nesi. Asiyepewa dawa ya maumivu haombi pumzi ndefu, anapumua juu juu, na kifua ndicho kinacholipa.

Mkisharuhusiwa, msikimbilie Rwamwanja siku hiyo hiyo kwa boda kama mnaweza kulala kwa ndugu karibu na hospitali. Homa, kifua kuuma, pumzi fupi, kupauka, upande mmoja wa mwili kulegea, kidonda kutoa usaha: rudi saa hiyo hiyo, hata usiku. Aliyetolewa bandama anahitaji chanjo na vidonge vya kuzuia maambukizi, na malaria kwake ni ya haraka, basi chandarua kila usiku. Na wale ndugu zake wa nyumbani ambao hawajapimwa, wapelekeni mkiwa bado huku.