Hewa ya kiwanda cha uchapaji: gharama isiyoandikwa kwenye bei ya mashine

MNUNUZI wa mashine ya uchapaji iliyotumika huanza na maswali matatu: bei, hali ya rola na upatikanaji wa vipuri. Swali la nne huulizwa mara chache, nalo ni hili: mvuke wa wino na wa dawa za kusafishia mashine utatokea wapi? Swali hilo lisipopata jibu kabla ya fedha kutolewa, hulipiwa baadaye kwa bei kubwa zaidi, iwe kwa matibabu, kwa fidia au kwa moto.

Kila aina ya mashine ina mvuke wake. Ofseti hutoa mvuke wa alkoholi ya aisopropili inayochanganywa kwenye maji ya mashine, pamoja na mvuke wa thina inayotumika kufuta rola na blanketi. Mashine za mabango zinazotumia wino wa thina hutoa mvuke muda wote zinapochapa, na bango lenyewe huendelea kutoa baada ya kushuka mashineni. Zile zinazokausha wino kwa taa za zebaki za mwanga wa urujuanimno huzalisha gesi ya ozoni, inayochoma koo na mapafu. Taa za LED hazitoi ozoni hiyo, lakini wino wake usipokauka sawasawa huweza kuleta mzio wa ngozi.

Wenye mitambo wengi hujibu tatizo hilo kwa kufunga kiyoyozi. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huchukua hewa ya chumbani, huipoza na kuirudisha humo humo. Joto hupungua, mvuke hubaki.

Funzo la Osaka

Gharama ya kuchanganya mambo hayo mawili, kupoza hewa na kubadilisha hewa, ilionekana wazi katika mji wa Osaka, Japani. Huko kulikuwa na kampuni iliyochapa nakala za majaribio kwa mashine za ofseti. Kazi ya namna hiyo huchapa karatasi chache kwa kila rangi, kisha blanketi hufutwa ili kupisha rangi nyingine. Kwa hiyo mafundi walifuta blanketi mara nyingi mno kwa siku, wakitumia kemikali iitwayo 1,2-daikloropropani, na kwa kipindi fulani daikloromethani pia.

Chumba cha kazi kilikuwa kimefungwa. Hapakuwa na mtambo wa kunyonya mvuke pale unapotokea, na sehemu ya hewa iliyovutwa ilipozwa na kurudishwa kwa mafundi wale wale. Hali hiyo ilidumu tangu miaka ya mwanzo ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000.

Mwaka 2012 ilitangazwa hadharani kuwa wafanyakazi kadhaa wa kampuni hiyo, wa zamani na wa wakati huo, walikuwa wamepata saratani ya mirija ya nyongo. Ugonjwa huo kwa kawaida huwapata wazee, lakini wagonjwa 17 walioorodheshwa na watafiti waligunduliwa wakiwa na umri wa miaka 25 hadi 45. Baadhi yao walifariki dunia. Mwaka 2013 serikali ya Japani ilianza kuutambua ugonjwa huo kuwa umetokana na kazi, hatua iliyofungua mlango wa fidia. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka 1,2-daikloropropani katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Mfanyabiashara anapaswa kuliangalia jambo moja zaidi katika kisa hicho. Wakati ilipokuwa ikitumika, kemikali hiyo haikuwa kwenye orodha ya viyeyushi vilivyobanwa na kanuni maalumu za Japani. Kukosekana kwa katazo kulichukuliwa kama hati ya usalama. Mwenye kiwanda anayeambiwa na muuzaji kwamba thina fulani "haijakatazwa" hajaambiwa bado kama ni salama.

Hesabu ya lita moja

Ukubwa wa tatizo unaweza kupimwa kwa kalamu na karatasi. Chumba cha mita 6 kwa 5, chenye kimo cha mita 3, kina mita za ujazo 90 za hewa. Lita moja ya alkoholi ya aisopropili ikikauka yote hugeuka kuwa takriban lita 320 za mvuke. Ikisambaa katika chumba hicho kikiwa kimefungwa, kila sehemu milioni moja za hewa zitakuwa na zaidi ya sehemu 3,500 za mvuke. Kikomo kinachopendekezwa na wataalamu wa ACGIH wa Marekani kwa zamu ya saa nane ni wastani wa sehemu 200. Kiwango cha chumbani ni zaidi ya mara 17 ya kikomo.

Iwapo lita hiyo moja hukauka kila saa, kushusha mvuke hadi sehemu 200 kwa kubadilisha hewa ya chumba kizima kunahitaji takriban mita za ujazo 1,600 za hewa safi kwa saa. Maana yake ni kubadilisha hewa yote ya chumba karibu mara 18 kila saa, na hiyo ni kama hewa inachanganyika vizuri kila pembe, jambo ambalo halitokei. Feni, umeme na kiyoyozi cha kupoza hewa mpya inayoingia vyote vina bei.

Ndiyo maana wahandisi hushauri mvuke ukamatwe pale unapotoka kabla haujasambaa. Hewa inayohitaji kuvutwa huwa kidogo zaidi, na bili ya umeme hushuka.

Upepo mwingi nao ni hasara

Kufungua madirisha yote na kuwasha feni kubwa hakumalizi kazi. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na inapobadilika hutanuka au kusinyaa. Rangi nne haziangukii tena mahali pamoja, na rimu nzima huishia kuwa taka. Wachapaji wa ofseti hupenda unyevu wa asilimia 50 hadi 55 usiobadilika. Kwenye mashine za mabango, upepo unaopita karibu na vichwa vya kuchapia huweza kukausha wino kwenye matundu yake na kupeperusha matone madogo. Feni ya mezani inayoelekezwa kwenye mashine pia huusukuma mvuke usoni mwa fundi.

Kwa sababu hizo kinachotakiwa ni hewa inayoongozwa, yaani iingie upande mmoja, ipite kwa fundi kwanza, kisha kwenye mashine, na itoke nje.

Cha kununua na cha kuacha

Hatua za mwanzo hazihitaji mtaji mkubwa. Makopo ya thina yawe na vifuniko. Vitambaa vilivyotumika vitiwe kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, kwani vikiachwa wazi huendelea kutoa mvuke usiku kucha. Kiasi cha alkoholi kwenye maji ya mashine kipunguzwe kadiri mashine inavyoruhusu, na dawa za kufutia zinazokauka polepole zichaguliwe badala ya zile zinazoruka upesi.

Baada ya hapo ndipo bomba la kunyonya hununuliwa, nalo lina masharti yake. Nguvu ya kuvuta hupungua haraka kwa umbali: bomba lenye kipenyo cha sentimita 20, likiwekwa sentimita 20 kutoka kwenye chanzo, hubakiwa na takriban sehemu moja ya kumi ya kasi iliyopo mdomoni. Bomba lililoning'inizwa darini juu ya mashine huwa pambo tu. Mvuke wa viyeyushi hivi ni mzito kuliko hewa, hivyo penye kopo au kitambaa kibichi huweza kutambaa chini, mbali na feni iliyo juu ya ukuta.

Feni yenyewe iwe ya aina isiyotoa cheche. Mvuke wa aisopropili huweza kushika moto hata kwenye nyuzi joto 12 za Selsiasi, na hakuna chumba cha kazi Dar es Salaam au Mombasa chenye baridi kuliko hiyo. Mdomo wa kutolea uwe juu ya paa, mbali na dirisha la jirani. Kichujio cha mkaa husaidia, lakini kikijaa huacha kuchuja, kwa hiyo bei ya kukibadilisha iingizwe kwenye gharama za kila mwezi. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke.

Mnunuzi anaweza kufanya jaribio rahisi kwa kushika ukanda wa karatasi laini karibu na mahali mvuke unapotokea. Ukanda usipovutwa kuelekea bombani, mvuke nao hauvutwi.

Sheria na mfuko

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, wakiwamo wale wanaovuta mvuke na moshi wa kazi. Tanzania pia ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayohusu ajali pamoja na magonjwa yatokanayo na kazi.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kuingia ubia katika kiwanda cha uchapaji, ukaguzi wa hewa una thamani sawa na ukaguzi wa vitabu vya hesabu. Aulize majina ya kemikali zinazotumika, aone karatasi za maelezo ya usalama wake, na asimame dakika kumi karibu na mashine ikiwa inafutwa. Macho yakiwasha na kichwa kikianza kuuma, kuna deni ambalo mizania haijalionyesha. Asiposikia harufu asitulie mapema, kwa kuwa pua huizoea harufu na huacha kuitambua, kama walivyoizoea mafundi wanaofanya kazi humo kila siku.