Kinene Kuliko Vyote, Kifupi Kuliko Vyote: Rekodi za Vitabu vya Matengenezo kwa Msomaji wa Misikhu

Kwa unene, Joseph Caryl hana mshindani. Mhubiri huyu wa London, wa karne ya 17, alifafanua kitabu cha Ayubu kwa zaidi ya miaka 20. Kazi hiyo ilichapishwa katika juzuu 12, na Ayubu ana sura 42 tu. Hicho ni kitabu cha maktaba ya chuo. Mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye shilingi chache asikiwaze.

Kilichokua kuliko vyote ni Institutio ya John Calvin. Ilipotoka Basel mwaka 1536 ilikuwa na sura 6, na mwandishi alikuwa na miaka 26. Toleo la mwisho la Kilatini, la 1559, lina sura 80. Tafsiri ya Kiingereza ya Battles ya mwaka 1960 inajaza juzuu mbili, zaidi ya kurasa 1,500. Anayetaka Calvin mfupi ana njia mbili: achukue ufupisho uliofanywa na wengine, kama ule wa Tony Lane na Hilary Osborne wa miaka ya 1980, au arudi kwenye toleo la 1536, ambalo Calvin aliliandika fupi kwa mkono wake. Mimi nachagua la 1536 bila kusita. Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana na sakramenti zimo, na hoja zinafuatana kama mwandishi alivyozipanga. Mfupishaji, hata awe mwaminifu namna gani, huelekea kubakiza hitimisho na kupunguza njia iliyolifikia.

Kilichoshuka ngazi nyingi ni Systematic Theology ya Wayne Grudem, Mbatisti anayefuata mafundisho ya Calvin kuhusu wokovu. Kitabu cha 1994 kina sura 57. Mwaka 1999 Jeff Purswell alikipunguza hadi sura 34, na mwaka 2005 mwana wa Grudem, Elliot, akakifikisha kwenye sura 20. Cha kati kinawatosha wahubiri wengi.

Kuna pia ufupisho uliofunika kabisa kitabu chake, nao ni wa The Reformed Pastor cha Richard Baxter, cha mwaka 1656. William Brown alikipunguza na kukipanga upya mwaka 1829, na toleo hilo ndilo Banner of Truth ilichapa tena 1974. Wachungaji wengi wanaomsifu Baxter wamemsoma kupitia kwa Brown.

Lakini rekodi inayotuhusu zaidi ni ya pengo kubwa la maudhui kati ya fupi na ndefu, na hiyo inashikiliwa na katekisimu mbili za Westminster za mwaka 1647. Fupi ina maswali 107, Kubwa ina 196. Mkutano uleule wa Westminster ulizitunga zote mbili: moja kwa wanaoanza, nyingine kwa waliokomaa. Fungua zote kwenye amri ya kutoiba. Katekisimu Fupi inataja makosa yake kwa sentensi moja, kwamba tusizuie isivyo haki mali yetu wala ya jirani. Ni kweli, na mtoto anaikariri kwa dakika chache. Katekisimu Kubwa inaingia sokoni. Inataja vipimo vya udanganyifu, kuhamisha alama za mipaka, hongo, kesi za kusumbuana, na kulimbikiza bidhaa ili bei ipande.

Sasa simama Misikhu, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, mahindi yanapouzwa kwa gorogoro. Mnunuzi mzoefu hulitazama kopo kitako kwanza, kuona kama limebonyezwa ndani. Broka hununua wakati wa mavuno, mkulima akiwa na karo ya kulipa, kisha hufungia magunia mpaka njaa iingie. Ndugu wanapelekana kortini kwa hatua mbili za shamba la baba yao. Yote haya yamo kwenye ile ndefu, na mwalimu aliyesoma fupi peke yake hatayakuta. Kilichoachwa nje ndicho kilichotufika mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya kununua toleo fupi, uliza nini kimetolewa. Kama ni mabishano ya Calvin na mwanatheolojia Osiander, sawa, yasubiri. Kama ni maandiko yaliyothibitisha hoja, au mifano ya maisha, acha. Ufupisho wa mwanatheolojia Herman Bavinck unastahili fedha zako: juzuu zake nne, karibu kurasa 3,000 kwa Kiingereza, John Bolt alizifanya moja mwaka 2011, na mantiki yake imebaki. Institutio kamili katika tafsiri ya Henry Beveridge ya 1845 haina tena hakimiliki, inapakuliwa bure kwenye simu. Katekisimu Kubwa pia ni bure. Darasa la watoto lipewe ile Fupi, na mwalimu wao, pamoja na wazee wanaosuluhisha kesi za mashamba, wasome swali la 142 la ile Kubwa kabla ya kikao.